Askari wa Zimamoto Mahali Ambapo Maji Huganda: Kazi ya Kulinda Vituo vya Utafiti vya Antaktika

Tarehe 12 Aprili 1982, moto ulizuka katika jengo la mitambo ya umeme la Vostok, kituo cha utafiti cha Umoja wa Kisovyeti kilichojengwa ndani kabisa ya Antaktika, juu ya uwanda wa barafu ulio karibu mita 3,500 kutoka usawa wa bahari. Fundi mitambo mmoja alifariki. Wenzake 20 walinusurika, lakini jenereta zilizokuwa zikiwapatia umeme na joto zilikuwa zimeteketea, na hapakuwa na ndege ambayo ingeweza kutua hapo mpaka majira ya baridi yapite. Walivuka miezi hiyo yote kwa majiko ya dizeli waliyojitengenezea wenyewe, mahali ambapo mwaka uliofuata, tarehe 21 Julai 1983, palipimwa nyuzi 89.2 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna kituo kingine cha hali ya hewa duniani kilichowahi kuipima.

Nimeanza na Vostok kwa sababu kisa chake kinaonyesha mara moja kwa nini kazi ya zimamoto katika ncha ya dunia haifanani na ile ya mjini, hata pale ambapo sare na vifaa vinafanana. Mjini, nyumba ikishika moto na wakazi wote wakatoka nje, sehemu kubwa ya hatari imekwisha, na kinachopiganiwa baada ya hapo ni mali. Antaktika, kutoka nje ni kuingia katika hatari ya pili. Mtu aliyekurupuka usingizini na kusimama katika upepo wa nyuzi 40 chini ya sifuri akiwa na nguo za kulalia huanza kuganda ngozi baada ya dakika chache, na majirani wanaoweza kumpokea huenda wako mamia ya kilomita mbali naye. Ndiyo maana anayelinda kituo cha namna hiyo dhidi ya moto analinda, kabla ya kitu kingine chochote, joto la nyumba ambayo watu hawana nyingine badala yake. Karibu kila jambo la ajabu katika kazi yake, kuanzia mpangilio wa majengo hadi saa anazotumia kufungua na kufunga vali, linatokana na ukweli huo mmoja.

Wengi hushangaa kusikia kwamba moto ni tishio kubwa katika bara la barafu. Jibu la mshangao huo limo katika hewa. Hewa yenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hata ikiwa imebeba mvuke wote inaoweza kuubeba, ina takriban gramu 0.1 tu ya maji katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo hiyo ikivutwa ndani ya jengo na kupashwa joto hadi nyuzi 20, ingeweza kubeba zaidi ya gramu 17, ila hakuna aliyeiongezea kitu njiani. Kwa hiyo unyevu wake hushuka hadi chini ya asilimia 1 ya uwezo wake. Pumzi za watu, mapishi na maji ya kuoga huongeza unyevu kidogo, lakini si wa kutosha kuzuia mbao, magodoro, mapazia na makaratasi kukauka mwaka baada ya mwaka hadi vikawa kama kuni zilizoanikwa. Ukavu huo huo huzalisha umeme tuli. Mtu akitembea juu ya zulia kisha akagusa kitasa cha mlango, cheche huruka, jambo linaloweza kuchekesha sebuleni lakini lisilochekesha hata kidogo karibu na pampu ya mafuta.

Mafuta nayo hayako mbali. Kituo cha nchani huishi kwa dizeli au mafuta ya ndege yaliyochanganywa ili yasigande: huendesha jenereta, hupasha boila, hujaza matangi ya magari na ndege. Chumba cha jenereta, chenye joto na mtikisiko wa saa zote, kiko jirani na vyumba vya watu kwa sababu joto lake linahitajika humo. Juu ya hayo yote kuna upepo. Antaktika hewa nzito ya baridi huteremka kutoka uwanda wa juu kuelekea pwani kwa kasi inayoweza kufikia ya kimbunga, na moto uliopata upepo wa aina hiyo hauzimiki kwa mikono ya binadamu. Kinachowezekana ni kuzuia jengo la pili lisishike.

Historia ina mifano zaidi ya mmoja. Novemba 1948, kibanda cha Waingereza huko Hope Bay kiliteketea na watu wawili wakafariki, na mwenzao aliyekuwa nje akichunguza pengwini akabaki peke yake katika hema kwa zaidi ya wiki mbili mpaka wengine waliokuwa safarini waliporudi. Januari 1952 Wafaransa walipoteza jengo kuu la kituo chao cha Port Martin, ingawa hakuna aliyekufa. Kisa kizito kuliko vyote kilitokea Mirny, kituo cha Kisovyeti cha pwani, tarehe 3 Agosti 1960: moto uliwaka katika nyumba ya wataalamu wa hali ya hewa wakati dhoruba ikivuma nje, nyumba yenyewe ikiwa imefunikwa na theluji, na watu wanane waliokuwemo hawakutoka.

Katika mazingira hayo, tatizo la kwanza la askari wa zimamoto ni maji. Bara lililobeba takriban asilimia 70 ya maji yote baridi ya dunia halina karibu tone linaloweza kupita katika mpira wa kuzimia moto. Maji hayo ni barafu, na kila lita inayotumika kituoni imeshalipiwa kwa mafuta. McMurdo, kituo kikubwa cha Marekani kilichoko katika Kisiwa cha Ross, huchuja chumvi kutoka katika maji ya bahari. Amundsen-Scott, kituo cha Marekani kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, hakina bahari. Huko maji ya moto huteremshwa kisimani ili kuyeyusha pango ndani ya barafu, makumi ya mita chini ya uso, kisha maji yaliyoyeyuka huvutwa juu. (Kisima kikishachakaa hugeuzwa shimo la maji machafu, na kingine huchimbwa, utaratibu unaomfanya mgeni aulize maswali kabla ya kunywa glasi yake ya kwanza.) Wanaoishi hapo huoga kwa kuhesabiwa dakika, na akiba ya kuzimia moto hutoka katika maji hayo hayo.

Hata yakipatikana, maji hayo hayana subira. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba la chuma linaloshindana na nguvu hiyo. Kwa sababu hiyo, gari la zimamoto hulazwa ndani ya banda lenye joto, injini yake ikiwa imeunganishwa na kipasha joto cha umeme, na likitoka nje pampu huendelea kuzungusha maji kati ya tangi na mabomba hata kama hakuna anayeyahitaji bado. Mpira ukishafunguliwa haufungwi kabisa. Maji yanayokimbia ndani yake hayapati muda wa kuganda, lakini yakisimama kwa muda mfupi tu huanza kufanya vipande vya barafu vinavyoziba mdomo wa mpira, na mpira uliojaa barafu haukunjiki wala haubebeki, ni gogo. Kwa hiyo askari anayesogea kutoka pembe moja ya jengo hadi nyingine huacha maji yakimwagika kando, ingawa anajua ni haba, kwa kuwa akiyafunga ili ayahifadhi atayapoteza yote.

Maji yanayomwagika hayo huganda miguuni pake. Baada ya muda uwanja unaozunguka jengo hugeuka sakafu ya kioo, ukungu wa maji hutanda na kuganda juu ya kofia na kioo cha barakoa, na ngazi zilizoegemezwa ukutani hunatia hapo zilipo. Kazi ikiisha, inaanza nyingine ya haraka kuliko ile ya kwanza: kumwaga maji yote yaliyobaki katika mipira, pampu na vali kabla hayajakaza. Mipira iliyochelewa hupakiwa garini ikiwa imekauka kama mbao na kwenda kuyeyushwa bandani.

Ndani ya majengo hutumika mbinu nyingine. Vinyunyizio vya maji vinavyoning'inia darini katika hoteli na ofisi za kawaida hujaa maji wakati wote, jambo lisilowezekana katika ghala au korido isiyopashwa joto. Badala yake mabomba hujazwa hewa iliyoshindiliwa, na maji huzuiwa nyuma ya vali iliyoko katika chumba chenye joto. Joto la moto likipasua kizibo cha kinyunyizio, hewa hutoka, shinikizo hushuka, vali hufunguka na maji hukimbilia yanakohitajika. Mfumo huo una gharama mbili. Ya kwanza ni sekunde zinazopotea mpaka maji yafike. Ya pili humwangukia fundi: kila baada ya jaribio lazima ahakikishe hakuna maji yaliyotuama katika kona za mabomba, kwa sababu kikombe kimoja tu kilichosahauliwa kinaweza kupasua bomba usiku ule ule, kikashusha shinikizo na kuufanya mfumo mzima udhani kuna moto.

Mahali ambapo maji yangeharibu zaidi ya kuokoa, kama vyumba vya jenereta na vya mitambo ya mawasiliano, hutumika gesi au unga mkavu. Gesi huzima moto bila kulowesha kitu, lakini aina fulani, hasa kaboni dayoksaidi, huzima kwa kusukuma oksijeni nje ya chumba, na binadamu aliyemo hana nafuu kuliko moto. Hili si onyo la vitabuni tu. Desemba 2018, mafundi wawili wa mifumo ya kuzimia moto walifariki karibu na McMurdo walipokuwa wakifanya matengenezo ya mfumo katika jengo dogo lenye jenereta ya mtambo wa redio. Rubani wa helikopta aliyekuwa akipita aliona kilichofanana na moshi kikitoka humo, akatua, na kuwakuta sakafuni. Hapakuwa na moto. Ninaona kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba kazi ya zimamoto nchani ni ya kukaa na kusubiri, kwa kuwa wawili hao walikufa katika sehemu ya kazi inayoonekana ya kawaida kuliko zote, yaani ukaguzi.

Mwili wa askari nao una madai yake. Nguo za kuzimia moto zimetengenezwa kuzuia joto lisiingie, na hazikukusudiwa kuwa koti la nyuzi 40 chini ya sifuri. Anayezivaa hutoka jasho akiwa ndani ya moshi, kisha hutoka nje na jasho hilo huanza kumgandia mwilini, na glavu iliyolowa inaweza kuwa ngumu kabla hajamaliza kufungua mpira wa pili. Kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi ni hoja nyeti zaidi, kwani pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu huo unaweza kuganda katika vali inayompimia hewa. Betri za tochi na redio huisha mapema, mpira na plastiki hupoteza ulaini na kupasuka. Kwenye Ncha ya Kusini kuna tatizo jingine tena: kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa shinikizo la hewa nchani ni dogo kuliko la sehemu nyingine zenye kimo hicho, mapafu huhisi kimo kikubwa zaidi ya hicho. Mtu aliyefika jana hupanda ngazi moja na kusimama kupumua. Mtu huyo huyo anaweza kuamriwa kubeba mtungi wa hewa mgongoni na kukimbia.

McMurdo ndipo mahali ambapo kazi hii imechukua sura ya ajira kamili. Kituo hicho, kilichoanza miaka ya 1955 na 1956, kina majengo zaidi ya 80, bandari, matangi makubwa ya mafuta yanayojazwa mara moja kwa mwaka meli inapofika nyuma ya meli ya kuvunja barafu, na wakazi wanaofikia 1,000 katika majira ya joto, kisha kupungua hadi mia mbili hivi wakati wa baridi. Kina kikosi cha zimamoto cha wataalamu walioajiriwa kwa msimu, wengi wao wakiwa wametoka katika vikosi vya miji na viwanja vya ndege vya Marekani. Siku yao, kwa anayetarajia miale ya moto, inachosha kusimuliwa. Zamu hupokelewa kwa kukagua gari kwa gari: tangi limejaa, pampu inazunguka, mitungi ya hewa ina shinikizo, barakoa hazina ufa. Baadaye wanagawanyika kwenda majengoni na orodha ya mambo ya kutazama. Mlango wa dharura ulioganda au kuzibwa na theluji usiku huchimbuliwa. Waya wa kupashia joto uliopitishwa chini ya zulia huondolewa. Chujio la mashine ya kukaushia nguo lililojaa nyuzi husafishwa mbele ya mwenye kosa, kwa sababu katika hewa kavu namna ile nyuzi hizo huwaka kwa urahisi mno.

Kibali cha kazi za moto ni sura nyingine ya siku yao. Fundi anayetaka kuchomelea vyuma, kukata bomba kwa gesi au kuyeyusha barafu iliyoziba mfereji kwa mwali hapaswi kuanza mpaka eneo limekaguliwa, na mtu mwenye mtungi wa kuzimia moto husimama kando yake na kubaki hapo hata baada ya kazi kuisha, kwa kuwa cheche iliyopenya ukutani inaweza kukaa muda mrefu kabla ya kujionyesha. Mafundi hulalamika kwamba utaratibu huu unawala muda wa msimu ulio mfupi tayari. Malalamiko hayo yana msingi, na bado sijaona hoja inayoyashinda majivu.

Ving'ora hulia mara kwa mara, na mara nyingi hakuna moto. Mkate ulioungua, mvuke wa bafuni, vumbi la ujenzi, bomba lililopasuka: vitambuzi vya moshi havichagui. Kikosi hutoka kila mara kana kwamba ni kweli, si kwa sababu ya ukaidi wa kanuni, bali kwa sababu mji wenye barabara chache na upepo mwingi hauna muda wa pili wa kuamua. Chumba cha mawasiliano ya dharura, ambamo mtu mmoja hukaa mbele ya redio, simu na paneli za ving'ora usiku na mchana, ndicho huamua kasi ya yote. Kikosi hicho pia hubeba wagonjwa hadi zahanati ya kituo, na aliyeteleza kwenye barafu ndiye mteja wake wa kawaida kuliko aliyeungua.

Hali ya hewa McMurdo hugawanywa katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, iliyo mbaya kuliko zote, upepo huzidi noti 55 (takriban kilomita 100 kwa saa), au mtu haoni zaidi ya mita 30 mbele yake, au baridi ya upepo hushuka chini ya nyuzi 73 chini ya sifuri, na watu wote hutakiwa kubaki katika majengo waliyomo. King'ora kikilia wakati huo, swali la kwanza kwa kikosi si jinsi ya kuuzima moto. Ni kama gari litalipata jengo, na kama waliomo wanaweza kutoka bila kupotea katika hatua 50 za kwanza.

Sehemu nyingine ya kikosi hutumikia viwanja vya ndege, ambavyo viko nje ya mji juu ya rafu ya barafu inayoelea. Ndege kubwa za magurudumu hutua Phoenix, uwanja wa theluji iliyoshindiliwa uliofunguliwa mwaka 2017; ndege za mizigo za Hercules, zenye skii za kuteleza juu ya theluji badala ya magurudumu, hutumia uwanja wa Williams Field. Hakuna ndege inayotua bila magari ya zimamoto kuwa tayari kando ya njia, na ambapo maji hayaaminiki, unga mkavu na povu ndivyo hutangulia. Kwa wanaozoea viwanja vya kawaida, kinachobadilika zaidi ni kwamba ardhi yenyewe inayeyuka chini ya moto.

Nje ya McMurdo, hata hivyo, askari wa zimamoto wa kuajiriwa hukaribia kutoweka. Vituo vingi vya bara hilo vina watu kumi, ishirini au arobaini wakati wa baridi, na hakuna serikali itakayomweka mtu hapo mwaka mzima ili asubiri moto. Kazi hiyo hugawanywa: mpishi, fundi bomba, mwanaastronomia na daktari huwa zimamoto kwa zamu. Waaustralia hupata mafunzo ya kuzima moto kutoka kwa kikosi cha jimbo la Tasmania kabla ya kupanda meli au ndege. Wanaokwenda kukaa majira ya baridi katika Ncha ya Kusini hujifunza Marekani kuvaa mitungi, kutambaa katika moshi na kutafuta mtu gizani, kisha wakifika hugawanywa katika timu: moja huingia kuzima, nyingine husimamia vifaa na mawasiliano, nyingine hushughulikia majeruhi. Katikati ya Februari ndege ya mwisho huondoka, na kuanzia hapo mpaka karibu Novemba watu arobaini hivi hujua kwamba hakuna atakayekuja.

Mpangilio huu unaleta mgongano usioonekana katika vikosi vya kawaida. Daktari hawezi kuingia katika moshi, kwa kuwa akiumia hakuna wa kumtibu. Fundi wa jenereta, ambaye ndiye anayekijua vizuri chumba kinachoungua, ndiye pia asiyepaswa kupotea, kwani bila yeye umeme wa akiba huenda usiwake. Kiongozi wa kituo hulazimika kuamua mapema, wakati wa utulivu, ni jengo lipi litapiganiwa na lipi litaachwa liungue, na uamuzi huo huwa mgumu kwa sababu jengo linaloachwa mara nyingi ni maabara ya mtu anayeketi naye mezani kila siku.

Mazoezi hufanywa kila mara, na jambo la kwanza linalopimwa ni hesabu ya watu. Kila mkazi ana mahali pa kukusanyikia na jina lake ubaoni. Anayetoka nje ya kituo huhamisha kibao cha jina lake, na anayesahau kukirudisha husababisha wenzake wamtafute katika jengo ambalo hayumo. Karibu na milango huwekwa mifuko yenye nguo nzito, kwa ajili ya yule atakayetoka bila kuvaa. Mbali kidogo na majengo makuu huwa na kimbilio lenye chakula, mifuko ya kulalia, redio na chanzo chake cha joto, na kimbilio hilo hukaguliwa kwa uangalifu ule ule unaotolewa kwa gari la zimamoto.

Wasanifu wa majengo wamejifunza kutokana na majivu. Halley VI ya Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 2012 na 2013, iligawanywa katika vyumba vinavyoweza kutenganishwa, mitambo ya umeme ikiwa pande mbili, ili nusu moja ikiungua nyingine iendelee kuishi. Concordia ya Wafaransa na Waitaliano ina minara miwili na nyumba ya mitambo iliyosimama kando. Katika kituo cha Ncha ya Kusini, sehemu moja ya jengo inaweza kufungwa na kujitegemea kwa umeme, joto na jiko, na wakazi wake huiita jina la mashua ya kuokolea. Pale ambapo mgawanyo huo haukuwepo, gharama imeonekana hata miaka ya karibuni. Tarehe 25 Februari 2012, moto ulioanzia eneo la jenereta uliteketeza sehemu kubwa ya Comandante Ferraz, kituo cha Brazil, na wanajeshi wawili wa jeshi la majini walikufa wakijaribu kuuzima. Mabaki yalilazimika kupakiwa melini na kuondolewa, kwa kuwa Itifaki ya Madrid, makubaliano ya kimataifa ya kulinda mazingira ya Antaktika yaliyotiwa saini mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, hayaruhusu bara hilo kugeuzwa jaa. Kituo kipya kilizinduliwa Januari 2020.

Si kila moto huanza kwa mashine. Aprili 1984, kituo cha Almirante Brown cha Argentina kilichomwa na mmoja wa waliokuwa humo, daktari, baada ya kuambiwa atabaki kwa majira mengine ya baridi. Meli ya utafiti ya Marekani ndiyo iliyowaokoa waliokuwepo. Tangu hapo, na pengine kabla yake, anayesimamia usalama wa moto katika kituo kidogo hutazama pia nyuso za watu: aliyeacha kuja mezani, asiyelala, anayevuta sigara mahali pasiporuhusiwa kana kwamba anatafuta ugomvi. Hakuna kitambuzi cha moshi kinachofanya kazi hiyo.

Huenda ndiyo sababu katika vituo vya Uingereza, kama Rothera, ambako maabara ya Bonner iliteketea Septemba 2001 kwa hitilafu ya umeme bila mtu kuumia, bado kuna desturi ya mtu mmoja kukesha wenzake wakilala, kila mkazi kwa zamu yake, awe mwanabiolojia au seremala. Hupita katika chumba cha boila na cha jenereta, hutazama mishale ya vipimo, hugusa milango kwa kiganja ili ahisi kama ina joto lisilo la kawaida, husimama koridoni na kunusa. Hutoka nje na tochi kuelekea maghala, akitembea kwa kufuata kamba ikiwa upepo umezidi, na kutazama kama kuna mwanga dirishani ambapo hapapaswi kuwa na mwanga. Akirudi huandika saa na majina ya majengo aliyoyapitia katika daftari, hupangusa barafu iliyomganda kwenye nyusi, na kuketi mpaka ufike wakati wa mzunguko unaofuata.